Opera ya Msiba Uliokosa Watani

Mimi ni Mzigua, na hilo nalisema mapema nisije nikaulizwa baadaye kwa nini namsema Paskalia vibaya. Namsema kwa haki yangu. Waluguru ni watani zetu tangu enzi za mababu, na mtani wako akikaa muda mrefu hajakutukana, ujue amekuchukia.

Basi Paskalia ni Mluguru wa Kinole kule milimani, mfupi, mbishi, anayetembea kama vile barabara yote ya mtaa wetu wa Bigwa ni shamba la ukoo wao. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, chumba na sebule. Alifundisha kwaya kanisani miaka na miaka, akatunga nyimbo ambazo mpaka leo zinaimbwa Pasaka, kisha wakaja vijana na vinanda vya umeme, yeye akaambiwa apumzike. Hakuzaa. Dada hana, kaka hana. Na kwa Waluguru ukoo unapita kwa mama, sasa huo wa kwao ulipita ukapita, ukafika kwa Paskalia, ukasimama hapo. Watu wanaogopa kulisema hilo mbele yake. Mimi nalisema, ndiyo kazi ya mtani.

Jioni nikirudi kutoka sokoni, ninakouza viungo, nilikuwa namkuta barazani na kikombe kimoja cha chai.

"Mtani," namwambia, "huo ukuta unaokunywa nao, umeutilia sukari?"

Anacheka, ananisogezea kigoda. Lakini chai yangu hucheleweshwa, maana lazima aingie ndani kutafuta kikombe cha pili, na anakitafuta muda mrefu kwa sababu hakitumiki. Nikikipokea kina vumbi. Nilikuwa nakifuta kwa upande wa kanga bila kusema kitu, na mimi kukaa bila kusema kitu ni kazi kubwa, waulize majirani.

Siku moja akanionyesha simu yake. Kuna mfuko fulani ulikuwa unatoa ruzuku kwa wanawake watunzi wa muziki, watunge opera mpya.

"Opera ndiyo nini?"

"Hadithi inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Watu wanagombana kwa kuimba, wanapendana kwa kuimba, wanakufa kwa kuimba."

"Aa! Msiba wa Kiluguru huo. Na kuna watu wanawalipa?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akatazama juu milimani kulikoanza kuingia ukungu. "Nataka kumtungia mama," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

Mama yake, Bibi Magreth, nilimjua vizuri. Alikuwa akiteremka kutoka Kinole na mafurushi ya mdalasini na pilipili manga, akituuzia sisi wa sokoni. Mkono mmoja kichwani ameshika mzigo, mwingine kiunoni, mdomo haufungwi. Ukimwambia, shikamoo bibi, pole na mlima, umezeeka sasa, anakujia juu: "Mimi sijazeeka, mlima ndio umekua!" Kwenye mizani alikuwa mwizi wa wazi kabisa. Anabonyeza kwa kidole kidogo huku anakuuliza habari za watoto. Chai ikipoa kidogo hainywi, anasema amepikiwa chura.

Akafa enzi zile za korona, tuliyokuwa tunaiita changamoto ya upumuaji. Mnakumbuka wenyewe. Mtu anaugua wiki hii, wiki hiyo hiyo keshafukiwa. Alizikwa na wahudumu waliovaa nguo nyeupe kama wapulizia dawa mashambani, Paskalia amesimamishwa mbali huko njiani, peke yake, na barakoa. Sisi watani tulisikia kesho yake, keshazikwa.

Asiyejua uzito wa hilo nimweleze. Msibani mtani ndiye anayeingia amevaa nguo za marehemu. Anatembea alivyotembea, anasema alivyosema, anautoa nje ubahili wake na vituko vyake vyote, anaziba mlango watu wasipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo wanaanza kupona. Aliyezikwa bila kutaniwa ameondoka kama mtu aliyepita kuomba maji.

Paskalia akaomba ruzuku ile, akapata. Wee! Bigwa nzima tulijua, kwa sababu niliitangaza mimi. Basi akaanza kutunga. Miezi na miezi, nikipita dirishani namsikia anapanda sauti ya juu kabisa, anakimbia kushuka kwenye besi, anarudi katikati, anagonga meza, anajigombeza mwenyewe: "Hapana, Paskalia, hapana." Nyumba ya mtu mmoja, lakini ungedhani kuna kikao cha ukoo. Halafu kimya. Hicho kimya ndicho kilikuwa kinaniuma. Sauti zote zile, na hakuna hata moja iliyobaki humo ndani kumwambia usiku mwema.

Sharti la wenye ruzuku lilikuwa hili: kazi ikikamilika, watakuja kuisikia ikiimbwa na watu. Wakiridhika, itaandaliwa jukwaani Dar es Salaam. Kama hakuna wa kuiimba, basi itabaki nota kwenye karatasi. Akatafuta waimbaji, wanawake watatu aliowafundisha kwaya, na Rehani, kijana mwenye sauti nzito anayeimba bendi. Bhanumati, mwenye duka la vitambaa pale mjini, naye mjane, mwenzetu wa upweke, akampa ghala lake la nyuma bure, mradi wasikalie majora yake.

Wakafanya mazoezi vizuri tu. Sehemu ya kwanza, mama anaugua. Ya pili, mama anazikwa bila watu. Ya tatu, anaingia mtani. Rehani ndiye alikuwa awe mtani. Paskalia akamletea gauni la Bibi Magreth, lile la maua ya njano, avae.

Rehani akalitazama, hakulipokea. "Mwalimu, samahani. Hapa aliyekufa nani?"

"Mama yangu."

"Huyo alishazikwa, na matanga yakaanuliwa. Mtani haitwi pasipo na maiti, Mwalimu. Ukimwita bure, maiti atatafutwa."

Kwa maneno mengine, uchuro. Na uchuro huku kwetu si mchezo. Wale wanawake wakaangaliana. Wiki hiyo hiyo mtoto wa mmoja wao akashikwa na homa, homa ya kawaida tu, akapona, lakini nani atasikiliza? Hakurudi hata mmoja. Paskalia akazunguka kwaya zote za mji, akaenda mpaka Mzumbe kwa wanafunzi wa chuo, habari imeshamtangulia. Ati kuna mama anatafuta watu wa kuimbisha kifo.

Akaja kwangu.

"Mtani, imba wewe."

"Mimi? Nikipandisha sauti mbwa wa mtaa mzima wanaitikia."

"Wewe ni mtani wa kweli. Una haki."

"Na uchuro nauogopa, Paskalia. Mimi si jiwe."

Hakubembeleza. Laiti angebembeleza ningemtukana tukamaliza. Alisimama tu, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Jioni ile nilipopita barazani kwake kikombe kilikuwepo, yeye hayupo, mlango umefungwa.

Sikupata raha. Kesho yake nimekaa na mdalasini wangu sokoni, mteja ananiuliza bei namtajia ya iliki. Nikawaza, nikawaza. Rehani kasema matanga yalianuliwa. Yalianuliwa na nani? Watani hawakufika, na matanga hayaishi kabla mtani hajafika! Loo! Nikafunga meza yangu mchana kweupe, nikaenda Bigwa kwa miguu, jua la kutoboa utosi.

"Paskalia! Fungua! Mama yako bado yuko msibani!"

Akafungua, macho mekundu.

"Hapa hakuna uchuro," nikamwambia, "kuna kiporo. Haya, niimbie hiyo sehemu yangu."

Nota sijui kusoma, kwa hiyo akaniimbia. Sauti ikapanda taratibu, nzuri ajabu, maneno yenyewe: ee mama mwema, taa ya Kinole, mikono iliyojaa baraka.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Mama."

"Simjui. Mama yako alikuwa ananipunja kwenye mizani kila Ijumaa."

"Usimseme hivyo!"

"Unaona? Mfiwa hamtanii maiti wake, hawezi. Umetunga sala, mtani. Mtani aingie msibani kusali?"

Akakasirika, kweli kweli. Akanifungulia mlango nitoke. Na siku zote zilizobaki hakunisemesha, hata salamu ananijibu kwa kidevu.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja ghalani kwa Bhanumati wawili kutoka Dar, binti mmoja mwenye heshima zake, alitupa shikamoo mpaka Bhanumati akafurahi, na kijana wa kurekodi. Mimi nilikuja bila kualikwa, nikakaa nyuma karibu na Bhanumati. Mbele kulikuwa na viti vitano, na mtu mmoja.

Akaimba peke yake. Akikaa kiti hiki ni binti, akihamia kile ni jirani, akivuta kanga kichwani ni mama anayeugua. Alihama viti mpaka jasho likamloanisha mgongo. Zile sauti nilizokuwa nazisikia dirishani, leo nilikuwa naona zinakotoka, na zote zilikuwa zinatoka kwa mtu mmoja aliyechoka. Nikaona aibu kutazama na nikashindwa kuacha kutazama.

Ikafika sehemu ya tatu. Gauni la maua ya njano lilikuwa kwenye kiti cha mwisho. Paskalia akalishika, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akafunua karatasi. Ikageukia kwetu, hata pale nyuma nikaiona, ilikuwa tupu. Ile sala alikuwa ameifuta yote, asiandike kitu. Akasimama anatazama mlangoni, kama alivyosimama kule njiani siku ile ya maziko.

Sikumbuki nilivyonyanyuka. Nakumbuka nililichukua lile gauni mikononi mwake nikalivaa juu ya baibui langu, likanibana kifuani. Mkono kichwani, mkono kiunoni.

"Mimi sijazeekaaa! Mlima ndio umekuaaa!"

Niliimba, maana aliniambia opera hakuna kusema. Sauti mbaya, lakini ilikuwa ya Bibi Magreth anayenadi mdalasini. Nikapima mdalasini hewani, nikabonyeza mizani kwa kidole kidogo, nikamuuliza yule binti wa Dar habari za watoto. Nikamgeukia Paskalia: "Na weweee! Chai gani hii, umenipikia churaaa? Umeniacha naenda peke yangu, hata wa kunitukana sinaaa?"

Paskalia akacheka. Kicheko kikatoka kwa nguvu, kikageuka, akaketi chini sakafuni akalia kama mfiwa wa siku hiyo hiyo, kwa sauti, mikono kichwani, "Mama! Mama yangu!" Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilia. Bhanumati naye akawa anajifuta kwa pindo la sari. Mimi nikaenda kuziba mlango, ndiyo desturi: "Sitoki hapaaa mpaka nipewe changuuu!" Paskalia akavua kanga yake ya mabegani, akanirushia.

Yule binti wa Dar akasubiri, kisha akauliza taratibu kama kuna sehemu iliyobaki.

"Hakuna," Paskalia akasema. "Mama ameshazikwa."

Waliipenda. Itaimbwa Dar na waimbaji wenyewe wenye mafunzo, na sehemu yangu ataiimba dada mmoja mwenye sauti ya kulainisha mawe. Nilimwambia Paskalia wanaiharibu. Nilidhani sasa mambo yamekaa sawa, nyumba yake itajaa watu. Hata! Kazi ilipokwenda Dar, zile sauti nazo ziliondoka nayo. Dirishani kukawa kimya kuliko mwanzo.

Juzi akaniita. Kikombe changu kilikuwa mezani tayari, hakina vumbi. Akaniambia keti, kuna wimbo nikufundishe.

"Wa opera nyingine?"

"Wa kwangu."

Akaanza kuimba. Paskalia mbishi, mwenye kikombe kimoja. Paskalia anayekunywa chai na ukuta. Paskalia anayeona barabara ya Bigwa ni shamba la kwao. Matusi yangu yote ya miaka hii, ameyapanga vizuri, hajaacha hata moja.

"Mtani," nikamwambia, "huu sasa ndio uchuro."

"Siku yangu watakuja wa kanisani. Wataimba vizuri, watakula, wataondoka. Ukoo wetu umeishia kwenye kiti hiki, Mwanvita. Nani mwingine anajua ninavyotembea?"

Nilikuwa na la kumjibu. Siku zote nakuwa nalo. Lakini niliimba tu, na mstari wa pili nikakosea, nikapandisha mahali pa kushusha. Akagonga meza.

"Rudia," akasema. "Siku hiyo sitaweza kukusahihisha."

Nikarudia.