Vilua vya Kupigia Picha

Sijapata kutamani ardhi ipasuke inimeze kama siku niliyokutwa nimejifungia chumbani na maua, na mpaka leo nikipita Chake Chake wapo wanaonicheka (waacheni, wana haki yao).

Ndo kwanza nimenunua kamera ya sanduku, kichwa kimevimba, najiona fundi. Sasa dukani pakatundikwa kalenda ya Kijapani iliyokuja na shehena ya bakuli, ina picha ya kitawi kimoja cha maua chomboni, chini mkeka, nyuma kweupe, basi. Nikasema hii hata mimi naiweza! Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa Kengeja kwa mamake, nyumba tupu, nikaenda kwa Bi Time, anayetunga maua ya maharusi, nikamwomba asumini na vilua.

Kosa langu hapo. Wapemba wenzangu mnajua kilua kinatandikwa wapi na kwa shughuli gani: kitandani, usiku wa mume na mkewe. Ua lolote lingefaa, kwani picha inanukia? Lakini mie nikashikilia kilua.

"Vilua vya nini, mwanangu, na mkeo hayupo?"

"Siri, Bi Time. Mtaona wenyewe."

(Siri! Kwa Bi Time! Bora ningepiga mbiu sokoni.)

Jioni ile ile salamu zikafika Kengeja, na mimi sina habari. Asubuhi nikatandaza mkeka mpya, nikatundika shuka jeupe, nikapanga maua kwenye bakuli, nikafunga mlango upepo usiyatikise. Mwanga wa kidirisha cha juu haukutosha, ikabidi lenzi ikae wazi kitambo na ua litulie, na mimi nikipiga picha nina tabia ya kubembeleza: "Tulia, mpenzi wangu... hivyo hivyo... usitikisike..." Kumbe nje wanawake wa mtaa mzima wametega masikio, na Mwanakombo keshashuka kwenye lori!

Mlango ukapigwa teke. Akatazama mkeka, akatazama vilua, akachungulia nyuma ya shuka, akainama uvunguni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemwambia atulie!"

"Ni... ni maua, mke wangu. Nayapiga picha."

Nje kikalipuka kicheko, nyie! "Maskini," mmoja akasema, "kumbe kaoa bakuli."

Mwanakombo hakucheka. Alikuja kudai talaka yake (aliniambia baadaye, nikakosa usingizi). Akaketi mkekani taratibu.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Wallahi hakuna."

"Na mie tangu unioe hujanitandikia hata kilua kimoja. Vile vya harusi alitandika somo yangu aliyenifunda. Leo bakuli limepata." Akachomeka vilua nyweleni, akajiweka sawa mbele ya shuka. "Haya. Nipige mimi."

Nikaishika kamera, halafu, mjinga mie, nikasema kweli: filamu yote nimeimalizia maua.

Alirudi Kengeja na lori lile lile. Wiki nzima nilikula muhogo wa kuchoma peke yangu ndipo nikaenda kumwomba radhi mbele ya mamake, na naapa, ua lolote halitaingia tena kwenye kamera yangu kabla yake yeye.