Uwanja wa Mkamburi Nilioufagia Mpaka Udongo

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na watu wa Kilburn, mtaa wetu huku kwa Waingereza, wanaijua nusunusu, tena kwa mdomo wa binamu yangu Mwakio ambaye ni mwongo, kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe, mcheke mtosheke, kisha mniache. Ndiyo, ni mimi. Mimi Wakesho niliyehimili kutimuliwa kwenye vyumba vya kupanga, na baridi ya kungojea basi alfajiri nikienda kusafisha ofisi za watu, na mume aliyesema anatoka kidogo kununua sigara (yuko Luton, nadhani bado ananunua), hayo yote niliyashinda, halafu nikaja kuangushwa na nyasi.

Wa kwanza wa kulaumiwa ni Mkamburi. Ni rafiki yangu, Mtaita kama mimi, tulisukuma ndoo pamoja kwenye ofisi zile zile mpaka akaolewa na Mwingereza aitwaye Graham, mtu mpole sana, simlaumu, na wakahamia kijijini, mahali ambapo treni ikikushusha inaondoka polepole kama inayokuonea huruma. Baridi ilipolegea na miti ikaanza kuchipua, akanipigia simu. "Njoo wikendi upumzike, dada. Huku ni ndege tu wanaimba." Nikajiambia, Wakesho, na wewe ni binadamu, nenda ukapumzike.

Wa pili ni huyo Mwakio, mlinzi wa duka kule Stratford, aliyejialika. "Siwezi kukuacha uende peke yako kwa wageni," akasema, kumbe amesikia kutakuwa na mwanakondoo wa kuchoma.

Ijumaa jioni tukala, tukashiba, ndipo Mkamburi akatueleza. Jumapili kijiji kizima kingefungua bustani zao, watu wapite nyumba hadi nyumba wakitazama maua na kunywa chai, na mama mkwe wake, Bi Dorothy, anayekaa njia ya pili, alikuwa amemwachia yeye bustani ya nyumba ile tuliyokuwemo, iliyokuwa yake zamani, aisimamie, kwa mara ya kwanza.

"Tangu niolewe ananitambulisha kwa watu kama rafiki wa Graham," akasema. "Rafiki! Na pete hii kidoleni. Lakini Jumapili ikienda vizuri, huenda akaniita mkwe." Alisema akicheka, ila mkono wake ulikuwa unakikunja kitambaa cha meza, unakikunjua, unakikunja tena.

"Usijali," nikamwambia. "Sisi tupo."

(Hapo ndipo angetufungia chumbani.)

Asubuhi yake yeye na Graham wakaenda mjini kutafuta mikate na vikombe vya wageni, na akiwa mlangoni akasema, "Jisikieni nyumbani." Sasa wewe mwambie mtu aliyelelewa Wundanyi, kwetu kwa Wataita, ajisikie nyumbani! Nyuma ya nyumba kulikuwa na maua mekundu yamepangwa mstari kama watoto wa shule, na mimi nikajua hiyo ndiyo bustani, nzuri, hongera. Lakini mbele, mlangoni kabisa, pale mgeni anapotia mguu, nyasi zilifika magotini, zimejiotea zitakavyo, na kwetu nyumba ya namna hiyo ama mwenyewe amekufa ama mke wa pale ni mvivu asiyesemeka. Kwetu mama mkwe akija unafyeka, unang'oa, unafagia uwanja mpaka udongo ubaki na michirizi ya ufagio, nyoka akipita aonekane. Nikasimama dirishani na kikombe changu, roho inaniuma kwa ajili ya rafiki yangu.

Mwakio alikuwa amejilaza kwenye kiti cha nje, jua usoni. "Kweli Mkamburi amesahau kwao," akasema. "Bi Dorothy akiyakuta majani haya kesho si atasema Mwafrika mchafu?"

"Labda hana nafasi."

"Wewe unayo. Marehemu mama yako angekuwa hapa angekuwa ameshaanza. Na jembe lipo kwenye stoo, nimeliona."

(Aliliona stoo, hakulitoa. Huyo ndiye Mwakio.)

Nikalitoa mimi. Na niseme ukweli, niliona raha, maana mgongo uliozoea kuinamia ndoo kumbe bado unakumbuka kulima, nikapiga jembe, nikang'oa, nikakung'uta. Ndani ya nyasi mlikuwa na maua madogo ya zambarau yameinamisha vichwa, yana madoadoa sawasawa na ngozi ya nyoka, nikasema basi, hata maua yake ni ya kichawi, nayo nikayang'oa. Mzee mmoja na mbwa wake wakapita barabarani, akasimama mdomo wazi, akaniamkia, akaondoka mbio. Nikadhani amependezwa. Kumbe anamkimbilia Bi Dorothy.

Nilipomaliza kufagia, Mwakio akainuka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaja na kiberiti. Kazi yake yote ilikuwa hiyo moja. Majani mabichi, moshi wake mnaujua, mzito, mweupe, ukavuka ua kwenda kwa jirani aliyekuwa anatandika meza za chai, watu wakatoka na ndoo za maji, wengine na vitambaa puani, na katikati yao bibi mwembamba mwenye viatu vya mpira, Bi Dorothy mwenyewe.

Akauangalia uwanja. Akaniangalia mimi. Kisha akasema taratibu kabisa, "Umefanya kazi ya uhakika."

Waingereza hawa, jamani, wakitaka kukuua wanakusifu kwanza! Kiingereza changu ni cha kazini, lakini hilo nililielewa, nikatabasamu meno yote nikamjibu, "Asante, mama. Nyuma bado, nitamaliza kabla ya chai."

Hakuna aliyecheka. Bi Dorothy akainama kwenye lundo, akaokota ua moja lenye madoadoa ambalo moto haujalifikia, akalishika kama mtu anavyoshika kifaranga. "Marehemu mume wangu ndiye aliyeyapanda," akasema. "Hatukati nyasi hizi mpaka yamalize kuchanua."

Wakati huo huo gari la Graham likaingia. Mkamburi akashuka na mikate kifuani, akautazama uwanja, akalitazama jembe, akanitazama mimi niliyelishika.

"Mimi nilimkataza," akasema Mwakio.

"Wakesho," akasema Mkamburi, hata sauti hakupandisha, "hiyo ndiyo ilikuwa bustani." Heri angenipiga.

Jumapili haikuweza kuahirishwa. Wakaja na kofia zao nzuri, wakapanga foleni getini, wakautazama udongo mtupu wenye michirizi ya ufagio (nilikuwa nimefagia vizuri, lazima niseme), na mama mmoja akauliza kwa heshima kama huo ni mtindo wa Kijapani, wa zile bustani za mchanga uliochorwa mistari. Mkamburi alisimama karibu na mlango macho yamevimba, akingojea kuitwa rafiki wa Graham, au pengine lililo baya zaidi. Ndipo Bi Dorothy, aliyekuwa anakata keki, akaenda akamshika mkono mbele ya wote.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Ameitunza bustani hii baridi yote. Hana kosa hata kidogo." Halafu akanyoosha kisu kile cha keki moja kwa moja hadi kwangu, nilipojificha nyuma ya birika. "Ni yule."

Kofia zote zikageuka.

Mkamburi akalia begani kwa mama mkwe wake, mama mkwe akampa leso, na tangu siku hiyo hawaachani, kila mwaka wanapanda maua pamoja na kila wakipanda wananisema mimi. Mimi ndiye niliyewapatanisha, na asante sijaipata. Mwakio yeye hualikwa kila nyasi zikichipua, eti Bi Dorothy amempenda, kijana mtulivu, anakaa kwenye kiti chake hamsumbui mtu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililichukua mwenyewe hata kabla ya hiyo ya pili kuisha. Basi siku hizi nikialikwa popote nakaa nilipokalishwa, hata nyasi ziote sebuleni, ziingie kwenye kikombe changu, nitazisogeza kwa kidole na kunywa chai.