Kahawa ya Wageni

Weka mkono kifuani uape hutamwambia mtu, hasa dada yangu wa Hamugembe. Umeapa? Haya, mimi mwenyewe nimeshindwa kunyamaza.

Enzi za Mwingereza, kwetu Muleba, mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kukipeleka ilikuwa kazi yangu. Nami kila mara nilijificha kwanza nyuma ya mlango nikairamba kila punje. Niliamini mgeni akitafuna punje ambayo sijairamba, mama atakufa. Nani aliniambia? Hakuna. Mpaka leo sina maelezo, nina aibu tu.

Siku moja wakaja watu kumposa dada yangu huyo, ambaye wenzake wote walikwisha kuolewa. Nikapiga magoti, nikatoa kikapu. Wakachukua, wakatafuna, wakasifu.

"Waitu, ndugu zetu, nyumba hii ina adabu!" alisema mshenga. Nyuma ya pazia nikamsikia dada akicheka kwa furaha.

Mshenga akachukua punje ya mwisho, akaishika kiganjani huku anaongea. Ile ilikuwa chini kabisa, sikuwa nimeifikia! Na mama yuko pale pale, anatabasamu, hajui kwamba anakufa.

Nikainuka. Nikaitwaa punje kiganjani mwa mshenga, nikairamba mbele ya watu wote, nikairudisha.

Baba alifumba macho. Mshenga akakitazama kiganja chake, kisha akawatazama wenzake, ambao mashavu yao yalikuwa bado yamejaa.

"Mwanangu," akauliza polepole, "na hizi nyingine?"