Msemaji wa Claude

Emérite alikuwa msusi hodari wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ambaye kichwa chake mwenyewe kilikuwa kipara. Wateja wapya walimtania kwamba labda dawa zake za nywele zimemgeuka. Alicheka nao, akaendelea kusuka. Warundi wenzake hawakutania, maana walijua ni mjane ambaye hajaondolewa msiba.

Mumewe, Claude, aliuawa Mei 2008 kwenye spaza yao, duka dogo la mtaani huko Soweto, siku wenyeji walipowafukuza wageni. Kwao Burundi, baada ya muda watu hukusanyika, vinywaji huletwa, na msemaji wa upande wa mume husimama akamtaja marehemu na kueleza alivyoishi. Ndipo mjane anaruhusiwa kuacha kunyoa kichwa na kurudi kwenye maisha. Wanaiita kuganduka. Lakini Claude hakuwa na ndugu hata mmoja Johannesburg, na mjane hawezi kujisemea. Basi Emérite alinyoa, mwaka ukaisha, akanyoa tena.

Mwaka 2011 akaja Mbrazili, Otacílio Quadros, mwongozaji wa filamu mwenye jina kubwa. Alianza kwa kuwarekodi majirani zake wa mtaa wa mabanda kwa kamera ya kuazima, na tangu hapo hakutaka waigizaji. Alitaka watu waliopatwa na mambo yenyewe. Tuzo zikamwandama. Kila filamu ilimpeleka mbali zaidi na kwao, hadi ikamfikisha kwenye saluni ya Emérite. Kupitia Jelimo, Mkenya aliyekuwa mkalimani wake, alimwomba aigize yale aliyoyapitia. Emérite aliuliza jambo moja tu: jina la Claude litasemwa? Otacílio aliweka mkono kifuani, akasema dunia nzima italisikia.

Maskini, akaamini kwamba msemaji amepatikana.

Walijenga spaza ya mbao Troyeville, wakaichoma. Emérite aliketi mbele ya majivu, akaeleza kwa sauti ya chini jinsi Claude alivyoimba vibaya kanisani bila kujali mtu, na jinsi alivyorudi kuushikilia mlango ili yeye apate kukimbia. Otacílio hakuridhika. Walirudia, wakarudia.

“Dada, anaomba utoe sauti,” Jelimo alisema kwa haya. “Ulie, hata kidogo.”

“Mwambie mimi nililia ndani,” Emérite akajibu. “Claude ananijua hivyo.”

Filamu ilionyeshwa mjini mwaka 2013. Emérite alikuwa ameacha kunyoa, nywele zimeanza kuota. Aliwaalika Warundi wote aliowajua, na vinywaji akavipeleka kwa baba yake mdogo, mzee Vénérand, ili wakitoka ukumbini wakanywe huko. Mzee alinung'unika kwamba tangu lini sinema ikawa shemeji wa mtu. Hata hivyo alivaa suti.

Ukumbini, uso wa Emérite ukajaa kwenye skrini. Midomo ilisogea, lakini maneno yake hayakusikika. Juu yake walikuwa wameweka kilio cha mwanamke mwingine, kirefu, cha kukata maini, na watu wa viti vya mbele wakatoa leso. Claude hakutajwa popote. Taa zilipowaka ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi Otacílio, naye akainama na kusema kwamba yule mwanamke ni mama wa wakimbizi wote. Filamu ile ilimpandisha kuliko zote alizotengeneza. Emérite alibaki kitini, na hasira, na aibu juu yake, kwa kuwa wageni wake walikuwa wakimtazama.

Nyumbani kwa Vénérand chupa zilipangwa mezani na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mzee alivua kofia.

“Mwanangu, tufungue ao tungoje?”

Emérite alijishika kichwa, akazipapasa zile nywele fupi.

“Tungoje, baba mdogo. Hajatajwa.”

Wakazirudisha chupa kwenye kreti, wakaagana mapema. Kesho yake, kabla ya kufungua saluni, Emérite alinyoa.