Maji ya Pipa la Dawa ya Pamba

Oktoba 1984 nilimpoteza mdogo wangu wa kike. Alikuwa darasa la nne, mimi la saba, katika shule moja ya upande wa Mugango.

Mwaka ule vyombo vilikuwa adimu. Ndoo ikitoboka uliiziba kwa lami, maana madukani zilibaki rafu tu. Kwa hiyo pipa la dawa ya kuulia wadudu wa pamba lilipobaki tupu kwenye ghala la ushirika, shule ililiomba, na watu walituonea wivu. Kila mtu kwetu alijua namna ya kusafisha pipa kama lile: unalisugua kwa majivu na mchanga, unalizamisha ziwani, unalianika. Harufu ikiisha, dawa imeisha. Wazazi waliamini hivyo, na walimu pia.

Tukalijaza maji ya kunywa na ya kupikia uji wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Asubuhi, paredini, mdogo wangu akanyoosha kidole.

“Mwalimu, tumejuaje kama dawa imeisha?”

“Kwani inanuka?”

“Hainuki, mwalimu. Lakini hata shambani harufu inaishaga kesho yake, na wadudu bado wanakufa.”

Watoto walicheka. Mmoja nyuma akasema, “Kumbe na wewe ni mdudu!” Mwalimu naye alicheka, bila ukali. Akachota kikombe, akanywa nusu, akampa.

“Haya, bibi daktari, malizia. Mimi nimekufa?”

Alinitazama, kisha akamaliza.

Sasa maduka ya Musoma yamejaa ndoo za plastiki za kila rangi, na mwezi ujao naanza chuo cha ualimu. Kwenye usaili, Bunda, waliniuliza elimu kwangu ni nini. Nilijibu kwamba mtoto akiuliza “tumejuaje”, kazi isimame, hata kama uji utachelewa. Mwalimu asiyejua aseme hajui. Kuwa jasiri mbele ya watoto si jibu. Mmoja wa wasaili akasema, “Darasa la watoto themanini, mwenzangu, utasimamisha kazi mara ngapi?” Nikasema sijui. Habari za pipa sikuwaambia.

Mchana wa siku ile ya pipa watoto kadhaa walitapika. Mwalimu aliumwa tumbo, akapona, na wengine wakapona. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuugua malaria. Jasho lilimtoka, mate yakamjaa mdomoni, mikono ikatetemeka. Zahanati haikuwa na dawa, wala gari pekee la kijiji halikuwa na mafuta. Baba alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama, akapanda baiskeli kuelekea Musoma. Mimi na mama tulifuata kwa miguu. Tulikutana naye njiani akirudi, akiikokota baiskeli.

Hakuna daktari aliyempima. Huenda ilikuwa malaria tena, siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba aliuliza, na swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa.

Baada ya mazishi mwalimu alikuja peke yake, akaketi chini pamoja na wanaume. Chakula hakukigusa.

“Mzee,” alimwambia baba, “lile pipa kesho nitalifukia mwenyewe.”

“Kesho?” baba aliuliza.



Asubuhi tulienda watatu, mwalimu, baba na mimi, na majembe. Pipa halikuwepo. Maji yalikuwa yamemwagwa kwenye majani, hayajakauka bado, na alama ya kuliviringisha ilielekea kijijini, ikapotea penye njia ya ng'ombe. Tukapita nyumba kwa nyumba. Mwalimu alipiga hodi, akaeleza kilichotokea, akasihi. Kila mahali moto ulikuwa unawaka na sufuria iko juu.

“Hatujaliona, mwalimu.”

“Pipa? Labda watu wa ng'ambo.”

Nyumba ya mwisho nao walisema hawajaliona. Walitupa pole ya msiba, wakatukaribisha maji ya kunywa. Jua lilikuwa kali. Tukasema hatuna kiu.