Lenzi ya Wakoli

Kamera yao pale mtaa wa Jericho, Nairobi, ilikuwa na wenyewe watatu, na matata yalianzia hapo. Kamera yenyewe ilikuwa ya Odongo, stendi ya miguu mitatu ya Javan, na lenzi ya Wakoli. Kidole kimoja hakivunji chawa, waliambiana siku walipoungana, wakacheka, wakanywa soda. Kumbe walikuwa wakijifunga kamba moja! Kufikia mwaka wa tisini na nne hakuna aliyeweza kupiga picha hata ya paka bila kuwatafuta wenzake.

Walichojulikana nacho ni picha ndefu. Kwaya nzima, au ukoo mzima uliokuja harusini, ulipangwa mstari mmoja, kisha kamera ikageuzwa kidogo kidogo juu ya stendi, kila picha ikianza na wale watu wawili waliomalizia ile iliyotangulia. Picha tano kwa jumla. Baadaye Wakoli alizikata, akazibandika kwenye kadibodi, na watu wakashangaa jinsi walivyoenea wote. Lakini ole wake atakayesogea kabla ya picha ya tano! Atatokea mara mbili, au asitokee kabisa.

Wakoli alikuwa amechoka, jamani, maji yamemfika shingoni. Alichoka na Odongo aliyekubali kazi bila kuuliza mtu. Alichoka na Javan aliyechelewa kila Jumapili, akifika ananuka nyama choma ya soko la Burma. Mkewe, Nabwire, alikuwa Webuye na binti yao Vivian, na huko alikuwa amempatia chumba karibu na soko, chenye dirisha zuri, cha kufungua studio. Njoo, alimwambia kila alipokuja Nairobi. Na kila mara Wakoli alijibu kwamba wale wawili hawatamwachilia. Odongo ana roho ngumu, akisikia lenzi inaondoka patachimbika. Hata majirani aliwaeleza hivyo, nao wakamhurumia.

Basi Jumapili moja Nabwire akaja kumchukua. Hakuja kubembeleza safari hii. Aliwakuta nje ya kanisa, kwaya imepangwa juani, akasimama kando na mfuko wake akangoja. Ikapigwa picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu filamu ikaisha. Odongo alikuwa amesahau kuangalia imebaki kiasi gani. Ikabidi atie nyingine, kazi ianze upya, na waimbaji wakaanza kunung'unika.

Nabwire akasogea.

"Baba Vivian, nakuuliza mbele ya wenzako. Unakuja, au huji?"

Wakoli akamgeukia Odongo, sauti juu, kifua mbele, tayari kwa vita alivyovingoja miaka yote ile. Akamwambia anataka lenzi yake, leo hii, na asiletewe maneno mengi.

Odongo akaifungua lenzi, akaipangusa na pindo la shati, akamkabidhi.

"Chukua, omera, ndugu yangu. Si ni yako? Mimi nilidhani hutaki kwenda."

Javan naye akasema wasiwe na wasiwasi, wataazima nyingine, safari njema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Wakoli akabaki na lenzi mkononi. Alitamani wamtukane, wamshike shati, wamzuie! Huko Webuye angekuwa peke yake. Picha ikija na giza, au vichwa vimekatwa, hapangekuwa na Odongo wa kulaumiwa wala Javan aliyechelewa. Pangekuwa na Wakoli tu, na dirisha zuri, na mteja amekunja uso. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na hakujua hofu ile ilikuwa ndani yake tangu lini.

"Ngoja kwanza tumalize hawa," akasema. "Si vizuri kuwaacha watu wa Mungu juani."

Akairudisha lenzi kwenye kamera kwa mikono yake mwenyewe. Wakoli akawaamuru waimbaji watulie, mtu asisogee, picha ya kwanza ikapigwa.

Hapo ndipo Nabwire alipookota mfuko wake. Hakupaza sauti.

"Miaka yote hii nimewachukia hawa wawili bure," akasema, akaanza kuondoka.

Wakoli alimsikia vizuri. Akamwambia Odongo ageuze kamera.