Miche Iliyoachishwa Ziwa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, shangazi huchomeka kidole kwenye udongo wa mche mmoja kitaluni, akakichomoa na kukipangusa kwenye sketi, pale palipokwisha kufanya doa. Zamani kidole kikitoka kikavu alimwagilia. Msimu huu hamwagilii. Miche aliyoilea kwa maji tele mwaka jana ilipandwa mlimani, mvua ikakatika mapema kama inavyofanya siku hizi, yote ikakauka. Sasa udongo wa mlima usio na miti unaporomokea nyumba za chini, ikiwemo ya shangazi, na miche iliyobaki ni hii tu. "Nimeiachisha ziwa," husema. "Ijifunze kiu mapema." Jirani akichungulia uani humtania: "Mama mkali wewe, watoto wanazimia." "Watazinduka," hujibu, huku vidole vyake viking'oa magugu ambayo hayapo.

Leo mchana majani yamelala kabisa. Binti wa kaka yake, anayemsaidia kitaluni, ameinua ndoo ya maji mara mbili na kuitua mara mbili. Mwishowe akaenda kumtafuta shangazi amwombe ruhusa. Akamkuta nyuma ya stoo, amechutama akiutazama ukuta, kikombe cha maji mkononi, akigugumia haraka haraka kama mwizi.

"Shangazi, mbona unanywea huku nyuma?"

Shangazi akafuta midomo kwa kiganja.

"Kule mbele miche inaniona."